Hii Si Ile

Mama jirani aliiweka shafti juu ya meza yangu ya kazi, akaifungua kutoka kwenye kanga kuukuu aliyokuwa ameizungushia, kisha kando yake akaweka beringi mbili zikiwa bado na grisi mpya. Hakuketi. Alichukua beringi moja akaivisha kwenye ncha ya shafti, nayo ikateleza mpaka ndani bila kusukumwa, kama pete ya mtu mnene kwenye kidole cha mtoto.

"Mwanangu," akasema, "hii si ile."

Nilimjibu kwamba shafti zote mbili nimezichonga kwa mchoro mmoja, kwenye mashine moja, kwa chuma kilichokatwa kutoka mche mmoja. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kwa sababu ni mtu mwenye subira na nimewafundisha watoto wake hesabu, kisha akayarudia maneno yale yale matatu.

Wiki saba zimepita. Shafti nimeichonga upya bila kumtoza, kuku wanakula, na Mama hana kinyongo nami. Maneno yake ndiyo yaliyobaki. Yamenifuata darasani ninapofundisha uwiano, yamenifuata kwenye daladala, na mara mbili yameniamsha usiku. Ninayaandika hapa kwa sababu naamini hayahusu shafti yangu peke yake.

## Shafti mbili

Shafti ya kwanza niliichonga mwezi wa kwanza, kwa ajili ya mashine yake ndogo ya kusaga chakula cha kuku. Ile ya zamani ilikuwa imelika pale beringi inapokaa, na fundi aliyenitangulia alikuwa ameipiga senta panchi, ule msumari mnene wa kutobolea alama, kuizunguka sehemu yote hiyo, akaacha vidonda vidogo vidogo ambavyo kingo zake huinuka na kuibana beringi. Dawa hiyo hufanya kazi, ila haidumu. Baada ya muda kingo hulainika, na beringi huanza kuzunguka juu ya shafti badala ya kuzunguka pamoja nayo.

Beringi yenyewe ni namba 6205, mojawapo ya zile zinazopatikana kwa urahisi kabisa popote duniani: tundu milimita 25, kipenyo cha nje 52, upana 15. Niliinunua mwenyewe Kariakoo, nikaiweka pembeni ya mashine, nikaanza kuchonga. Nilipokaribia kipimo nilikuwa nikiondoa unyuzi mmoja mwembamba wa chuma, nasimamisha mashine, najaribu beringi, haijaingia, naondoa mwingine, najaribu tena, haijaingia, namalizia kwa msasa laini na matone ya mafuta, najaribu. Ilipokubali kuingia kwa kugongwa taratibu, bomba fupi likiwa limekaa juu ya pete yake ya ndani, nikajua nimefika. Mashine ile haijasimama tangu siku hiyo.

Mwezi wa nne mdogo wake Mama, anayefuga Kibaha na mwenye mashine ya aina ile ile, alitaka shafti "kama ya dada". Beringi alikuwa amekwisha kuzinunua huko huko Kibaha. Sikuona sababu ya kumwagiza azilete. Mchoro nilikuwa nao, umeandikwa 25, na venia, kifaa changu cha kupimia unene, nilikuwa nayo mkononi.

Nilichonga alasiri moja ya Jumamosi, nikiharakisha kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara mbili, na nilihofia ungekatika tena kisu kikiwa ndani ya chuma. Nilipima, venia ikasema 25. Shafti ikapanda basi kwenda Kibaha, na ndiyo hiyo Mama aliyonirudishia.

## Hesabu ya mwalimu

Mimi si fundi wa kulipwa. Ni mwalimu wa hesabu ambaye miaka sita iliyopita alinunua mashine ndogo ya kukereza, ile ambayo mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, huiita lethi, akaiweka katika chumba cha uani kilichokuwa stoo, na tangu hapo Jumamosi zake hazijawa na kazi nyingine. Tuko watatu wenye ugonjwa huu mtaani kwetu Tabata. Wa pili ni kijana fundi umeme. Wa tatu ni mzee aliyestaafu baada ya kufanya kazi katika chumba cha zana cha kiwanda kimoja cha umma, na yeye ndiye mwenye maikromita ninayoiamini, kifaa kinachopima kwa usahihi kuliko venia.

Nilimpelekea shafti jioni ya siku ile Mama aliyoileta. Aliiacha juu ya sakafu ya saruji usiku kucha bila kuigusa, akapima asubuhi. Kiti cha beringi upande wa puli kilikuwa 24.97. Upande wa pili kilikuwa 24.93.

Kwa asiyeshika chuma, tofauti hizo si kitu. Sehemu saba za mia za milimita ni kama unene wa unywele mmoja. Lakini tundu la beringi ya kawaida ya namba hii hutengenezwa lisizidi 25.000 wala lisipungue 24.990, na shafti inayozunguka ndani yake kwa kazi kama hii hutakiwa izidi 25 kidogo sana, kuanzia 0.002 hadi 0.015. Mlango wote una upana wa sehemu kumi na tatu za elfu ya milimita, nami nilikuwa nimepita nje ya ukuta.

Nilikaa na karatasi, kama ninavyowaagiza wanafunzi wangu, nikatafuta kila sehemu ya kosa ilikotoka.

Ya kwanza ilikuwa joto. Nilipima chuma kikiwa kimetoka tu kwenye kisu, cha moto kiasi cha kunifanya nikishike kwa kitambaa. Chuma chenye kipenyo cha milimita 25 kikipanda nyuzi 50 juu ya joto la chumba huvimba kwa takribani 0.015, na kikipoa hurudi kilikotoka. Viwanda vimekubaliana kwamba kipimo cha urefu ni kile kinachosomwa chuma kikiwa na nyuzi 20 za Selsiasi. Chumba changu hakijawahi kuona nyuzi 20 tangu kijengwe, lakini hilo halina madhara makubwa maadamu shafti na beringi zina joto moja, kwa kuwa zote ni chuma na huvimba pamoja. Madhara huja moja inapokuwa ya moto na nyingine imepoa, na madhara makubwa zaidi huja pale moja inapokuwa Tabata na nyingine Kibaha.

Ya pili ilikuwa venia. Nilipoilinganisha na maikromita ya mzee niliikuta inazidisha kwa 0.02. Nimeitumia kwa miaka sita.

Hizo mbili zilieleza upungufu wa upande wa puli karibu wote. Zilizobaki ni sehemu nne za mia ambazo upande mmoja uliuzidi mwingine kwa wembamba. Hapo joto halihusiki wala venia haihusiki. Hiyo ni mashine.

## Masika chini ya mashine

Kijana wetu wa umeme alikuwa na jibu tayari: mashine yangu ni ndogo, ni nyepesi, niiuze nitafute kubwa. Nakiri kwamba kwa siku kadhaa nilimwamini, na nilizunguka kuulizia bei za lethi za mitumba zinazoshushwa bandarini, nikijiona nimefungwa na ufukara wa vifaa tu.

Kwanza, hata hivyo, nilisogeza kichwa cha nyuma cha mashine, kile chenye senta inayoshikilia ncha ya kazi, mpaka shafti ya majaribio ikatoka sawa pande zote mbili. Nilimwita mzee aje aone. Alikuja, akaamkiwa, akaitikia, akapima, akanyamaza. Kisha akaniambia nitoe senta ile kabisa, nifunge kipande kifupi kinene kwenye chaki, yale makucha ya mashine yanayoshika kazi, kikiwa kimejitokeza bila kushikiliwa mbele, nikiachie mikanda miwili iliyoinuka, mmoja karibu na chaki na mwingine milimita mia mbele yake, nipitishe kisu kwenye yote miwili kwa mkato mmoja mwembamba.

Mikanda ile ilitofautiana kwa 0.02.

"Umeituliza homa," akasema, "malaria bado unayo."

Kitanda cha mashine, yaani ile reli nzito ambayo kila kitu huteleza juu yake, kilikuwa kimejipinda. Chuma kinene namna ile hujipinda kwa kuvutwa na boliti zinazokifunga kwenye meza, ikiwa meza yenyewe haikunyooka. Meza yangu ni ya mbao za paini kutoka Mafinga. Mwezi wa kwanza, wakati wa jua kali, ilikuwa imekauka. Mwezi wa nne masika yalikuwa yamefika, bati la uani linavuja kwenye pembe moja, na mguu mmoja wa meza ulikuwa umekaa ndani ya unyevu kwa wiki tatu. Mbao ilivimba, boliti ikavuta, kitanda kikafuata, na kisu kikawa kinatembea kwa mshazari mdogo mno ambao jicho haliwezi kuuona.

Tulilegeza boliti zote nne. Tulikata vipande kutoka kwenye kopo la soda, ambalo bati lake lina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, tukaviweka chini ya mguu mmoja wa mashine, tukakaza, tukakata mikanda, tukapima. Kipande kimoja kilipunguza kosa nusu. Cha pili kilizidisha upande wa kinyume. Tulihangaika mpaka magharibi kwa kukaza boliti robo mzunguko na kulegeza, tukaifikisha kwenye tofauti ya 0.005, na mzee akasema inatosha kwa meza ya mbao.

Sikuuza mashine.

## Swali

Nilidhani mambo yameishia hapo. Nilikuwa nafuta mafuta mikononi, nimeridhika kama mwanafunzi aliyefikia jibu lililo nyuma ya kitabu, mzee aliponiuliza:

"Na ile ya kwanza, ya dada yake, ilikuwa na kipimo gani?"

Nikafungua kinywa, nikagundua sina cha kusema.

Sikuwa nimeipima. Niliichonga mpaka beringi ikaingia, nikaifunga, nikaipeleka. Huenda ilikuwa 25.004, huenda 25.012. Mashine yangu mwezi wa kwanza huenda ilikuwa imenyooka, huenda haikunyooka, maana nilikuwa nikijaribu kila kiti kwa beringi na kukisugua kwa msasa mpaka kikubali. Kosa lolote la kitanda, la venia au la joto lingefutwa pale pale na ile pete ya chuma iliyokaa pembeni.

"Basi mwanangu," mzee akasema, "ile hukuipima wewe. Aliipima aliyetengeneza beringi."

Hapo ndipo nilipomwelewa Mama jirani. Shafti ya kwanza ilikuwa imezaliwa na kipimo cha kiwanda cha mbali, nilichoazimwa bila kujua kwa bei ya beringi moja. Ya pili ilikuwa yangu mwenyewe. Kweli kabisa, hii haikuwa ile.

## Leta sampuli

Tangu siku hiyo nimekuwa nikienda Gerezani na masikio mengine.

Simama mbele ya karakana yoyote pale, mwambie fundi unataka bushi, gia, pini au shafti ya mashine fulani. Jibu utakalopewa ni moja: "Leta sampuli." Usipokuwa na sampuli, leta kile kinachoingia humo. Usipokuwa na hicho, leta mashine nzima. Fundi huiweka sampuli kiganjani, huichungulia, huizungusha, na wengi wao, baada ya saa moja, watakupa kitu kinachofanya kazi. Ninawaheshimu kwa moyo wangu wote. Nimemwona mtu akirudisha meno matatu ya gia yaliyovunjika kwa kuchomelea, grenda na tupa, bila mchoro wowote, na gia ikazunguka. Uhodari wa namna ile haufundishwi katika darasa langu.

Kwa hiyo nimejiuliza mara nyingi kama nina haki ya kulalamika. Mama mwenye kuku mia tatu wenye njaa hahitaji kiwango cha kimataifa. Anahitaji mashine iungurume kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na yule fundi wa senta panchi alimpa hilo kwa bei ndogo kuliko yangu, tena siku hiyo hiyo.

Lakini tazama kinachotokea baadaye. Mashine iliyotengenezwa kwa sampuli huwa imefunga ndoa na fundi wake. Shafti imesuguliwa kufuata bushi, bushi imetobolewa kufuata shafti, na kimoja kikiharibika lazima kingine kisafiri nacho. Ndiyo maana kwenye mabasi yetu ya mikoani utakuta vyuma vimefungwa kwenye viroba vikienda mjini kutafutiwa wenzao. Kila kitu ni cha kwanza na cha mwisho cha aina yake. Fundi akichonga bushi mia katika mwaka, hajachonga kitu kimoja mara mia. Amechonga vitu mia, na kila kimoja amekianza upya.

Sasa chukua ile beringi. Hakuna anayesema leta sampuli. Unataja namba: 6205. Unaweza kuitaja kwa simu ukiwa Kigoma, ikapakiwa Kariakoo na mtu ambaye hajaiona mashine yako, ikatoka kwenye kiwanda ambacho wewe na yeye hamkijui, na itaingia. Ndani ya zile tarakimu nne mna mapatano ya watu ambao hawajawahi kuonana.

Kutoka "leta sampuli" hadi "taja namba" ndiyo safari ninayoiona mbele yetu kila ninaposikia neno viwanda. Hata Waingereza, ambao mashine zao tulisomeshwa kuzistaajabia, walikuwa na miaka ya leta sampuli: kila karakana ilikata uzi wake wa boliti, na nati iliyopotezana na boliti yake ilikuwa haina kazi, mpaka Joseph Whitworth alipopendekeza mwaka 1841 uzi mmoja kwa wote, wenye pembe ya nyuzi 55. Mashine nzuri walikuwa nazo kabla ya hapo. Mapatano ndiyo yaliyokuwa yamekosekana.

## Kabati

Nilipomweleza mzee mawazo haya hakushangaa. Aliniambia habari ya kabati.

Katika kiwanda alichofanyia kazi, chumba cha zana kilikuwa na kabati la chuma lenye kufuli, na ndani yake geji, yaani vifaa vya kukagulia vipimo, zikiwa zimepangwa juu ya kitambaa kilicholowa mafuta. Nyingi zilikuwa za aina mbili kwa pamoja: upande mmoja unatakiwa kuingia, upande wa pili unatakiwa kukataa. Mfanyakazi wa mashine hakuhitaji kujua kusoma maikromita. Alijaribu pande mbili tu, na kipande kilichokubali upande wa pili kilitupwa kwenye ndoo nyekundu. Geji ilitolewa kwa saini asubuhi na kurudishwa kwa saini jioni. Iliyoangushwa sakafuni haikurudi kazini mpaka ipimwe upya, hata kama haikuonyesha jeraha. Yeye, akiwa kijana, alipewa mwaka mzima wa kuzifuta na kuzipanga kabla hajaruhusiwa kugusa lethi.

Kiwanda kilipouzwa, lethi zilinadiwa na watu wakazipigania. Kabati lilinunuliwa kwa sababu lilikuwa kabati zuri. Geji zilimwagwa kwenye rundo la chuma chakavu, zikapimwa kwa kilo.

Alisimulia bila hasira. Mimi ndiye niliyeshindwa kulala.

Nchi yetu haikukosa kufikiri juu ya mashine. Mkakati wa viwanda vya msingi wa mwaka 1975 ulilenga hasa viwanda vinavyozaa viwanda vingine, na ndani ya fikra hizo tukapata kiwanda cha zana za mashine wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa ushirikiano na Bulgaria, na kingine Mang'ula, Kilombero, chenye asili katika karakana zilizosaidia ujenzi wa reli ya TAZARA. SIDO imekuwa ikiwahudumia wenye viwanda vidogo tangu 1973. Tangu 2015 tumeisikia tena kaulimbiu ya Tanzania ya viwanda. Katika mazungumzo yote hayo, tangu nilipokuwa mtoto, nimesikia mashine zikihesabiwa, majengo yakihesabiwa na ajira zikihesabiwa. Sikumbuki kusikia mtu akiuliza kabati liko wapi na funguo anazo nani.

Wenzetu wa Kenya wana hadithi inayofanana na yetu. Gari la Nyayo lilizinduliwa mwaka 1990, likatengenezwa magari machache ya majaribio, na halikufika sokoni. Kutengeneza gari moja linalotembea ni kazi ya mafundi hodari, na mafundi hao Nairobi ilikuwa nao. Gari la mia tano, ambalo mlango wake unaweza kufungwa kwenye gari la sita bila tupa, ni kazi ya namna nyingine kabisa, inayohitaji fedha, wasambazaji na miaka mingi ya kabati.

Kuna jambo moja dogo ambalo sijaacha kulifikiria. Mizani ya muuza nyanya sokoni hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa chapa, na muuzaji anayetumia mizani isiyokaguliwa anavunja sheria. Ni haki, kwa sababu mnunuzi asipunjwe. Lakini venia ya fundi anayechonga ekseli ya gari la abiria haikaguliwi na yeyote tangu siku aliyoinunua. Maabara ya vipimo ipo TBS, shirika letu la viwango, na wapo wataalamu. Mimi mwenyewe, mwalimu wa hesabu, nilikaa miaka sita na venia inayozidisha 0.02, nami sikuwahi kufikiri kwamba kifaa cha kupimia nacho hupimwa.

## Charahani ya Eskilstuna

Katika wiki hizi mtu aliyenipa nguvu aliishi Uswidi, na alifia huko kabla sijazaliwa.

Carl Edvard Johansson alikuwa fundi katika kiwanda cha bunduki cha Eskilstuna. Mwaka 1896 kiwanda chake kilikuwa kinajiandaa kutengeneza bunduki za muundo wa Mauser, na kila kipimo cha kila kipande kilihitaji geji yake, kwa hiyo geji zingekuwa maelfu. Johansson akawaza kinyume: vipo vipande vichache vya chuma, kila kimoja kimenyooka na kupimwa barabara, ambavyo vikipangwa viwili, vitatu au zaidi pamoja vitatoa kipimo chochote unachotaka. Seti yake ya vipande 102 iliweza kutoa vipimo takribani elfu ishirini. Nyuso zake zilikuwa laini kiasi kwamba vipande viwili vikisuguliwa pamoja hunatana, na huwezi kuvitenganisha kwa kuvivuta, sharti uviteleze.

Mwenye hesabu atauona uzuri wa jambo hilo mara moja. Lakini kilichonishika mimi ni mahali alipolifanyia. Hakumalizia vipande vyake kiwandani. Alivisugua nyumbani, kwa charahani ya mkewe aliyoigeuza kuwa mashine ya kusugulia.

Nimeisoma habari hiyo, nikainua macho nikaitazama charahani ya mke wangu iliyofunikwa kitambaa cha maua pembeni ya kabati la vyombo. Kipimo ambacho viwanda vikubwa vilikuja kukiinamia kilitoka katika chumba cha nyumbani, kwa mtu aliyekuwa na kazi nyingine mchana. Hakuwa na mashine kubwa. Alikuwa na subira, na alikuwa na mahali pa kurudia jambo lile lile mpaka likae sawa bila mteja kusimama mlangoni.

Hicho ndicho tulicho nacho sisi wa vyumba vya uani ambacho fundi wa Gerezani hana. Yeye halipwi kwa kuchonga kitu mara ya pili ili kuona kama kitafanana na cha kwanza. Mimi naweza kuipoteza Jumamosi nzima kwa jambo hilo, na nikiipoteza, hakuna mtoto wangu atakayelala njaa.

## Daftari

Tumeanza na kidogo. Tumenunua kwa kuchanga beringi moja nzuri ya 6205, haitafungwa kwenye mashine yoyote, imelazwa ndani ya kopo lenye mafuta kwa sababu hewa ya bahari huku kwetu haisamehe chuma kilicho uchi. Mzee ameichukua, akakataa isikae kwangu. Alisema ikiwa karibu mkono utaifuata.

Kazi aliyonipa ni hii: nichonge viti vinne vya beringi kwenye vipande vinne vifupi, kwa kufuata namba peke yake, 25.002 hadi 25.015, kwa maikromita niliyoazimwa naye na bila kuiona beringi. Kila kipimo nikiandike kwenye daftari lenye safu tatu: tarehe, kipande, kipimo. Kisha nimpelekee vyote siku moja.

Nilitumia Jumamosi mbili. Niliacha kila kipande kipoe, isipokuwa pale umeme ulipokatika na kurudi, nilipolazimika kuanza tena mkato nilioukatisha katikati. Meza niliikagua kwa mikanda miwili kabla ya kila kazi. Juzi nilivifunga vipande kwenye kitambaa nikapanda daladala.

Mzee alitandika gazeti kwenye kibaraza. Alifuta beringi, akachukua kipande cha kwanza, akakijaribu kwa mkono, kikakataa. Akaweka bomba juu ya pete ya ndani, akagonga mara tatu taratibu. Kikaingia. Akakitoa. Cha pili kikakataa mkono, kikaingia kwa nyundo. Cha tatu hivyo hivyo. Mjukuu wake alikuwa ameacha mpira akaja kuchutama karibu nasi.

Cha nne kiliingia chenyewe.

Mzee alikishika hivyo hivyo, beringi ikining'inia juu yake, akaniomba daftari. Akasoma mstari wa nne, 25.006, kwa mwandiko wangu ule ule ninaoandika nao ubaoni.

"Hiki ulikipima saa ngapi baada ya kukichonga?"

Tarehe ilikuwapo, kipande kilikuwapo, kipimo kilikuwapo. Saa sikuwa nimeiandika.

Aliomba kalamu na rula kwa mjukuu wake, akaliweka daftari juu ya goti, akachora safu ya nne.